Mtihani wa Kiingereza kwa wauguzi wanaokwenda kufanya kazi nje: jinsi ya kujiandaa kwa OET na IELTS

Muuguzi aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza na kuandika ripoti za zamu kwa Kiingereza miaka nenda miaka rudi anaweza kuingia kwenye OET (mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya) au IELTS (mtihani wa Kiingereza usiohusu fani yoyote) akakosa alama kwa nusu daraja tu. Mara nyingi sababu si Kiingereza kibovu. Mtihani unapima jambo ambalo wodini hakuna anayelitolea maksi: kuchagua la kusema na la kuacha, saa ikiwa inakimbia. Ndiyo maana anayejiandaa kwa kukariri orodha za msamiati, au kwa kufungua kitabu cha sarufi ukurasa wa kwanza na kusonga mbele, hupoteza miezi. Maandalizi yanayozaa matunda huanza na alama unayotakiwa kufikia, kisha yakarudi nyuma hadi kwenye kosa moja moja linalokunyima alama hiyo.

Anza na baraza la wauguzi

Kabla ya kulipia chochote, fungua tovuti ya baraza la wauguzi la nchi unayokwenda na usome mwenyewe ukurasa wa lugha. Maneno ya wakala hayatoshi. Hapo tafuta mambo matano: mitihani inayopokelewa, alama ya kila sehemu, kama matokeo ya mara mbili yanaweza kuunganishwa, muda ambao matokeo yanadumu, na kama toleo linalofanyiwa nyumbani kwa kompyuta linakubalika. Hilo la tano usilibahatishe, kwa sababu mtihani ule ule, wenye alama zile zile, unaweza kukubaliwa ukifanyiwa kituoni na kukataliwa ukifanyiwa sebuleni.

Chukua Uingereza kama mfano. Baraza lao, NMC (Nursing and Midwifery Council), linataka IELTS Academic yenye 7.0 kati ya 9 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Au OET yenye daraja B katika sehemu hizo tatu na C+ katika kuandika. Tangu mwaka 2023 unaweza kuunganisha matokeo ya mitihani miwili ya aina moja iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi ufanye sehemu zote nne mara zote mbili na usishuke chini ya kiwango fulani: kwa IELTS ni 6.5 (kuandika 6.0), kwa OET ni C+ (kuandika C). Nchi nyingine zina viwango vyao, na viwango hubadilika. Jedwali lililonakiliwa na kusambazwa kwenye makundi ya simu lisikupangie safari.

Zingatia pia kwamba hesabu ni ya kila sehemu peke yake. OET hutoa alama kutoka 0 hadi 500, na B ni 350 hadi 440. Ukipata 430 katika kusoma na 340 katika kuzungumza, ile 430 haiinui 340. Kwa hiyo muda wako mwingi uende kwenye sehemu iliyo dhaifu, hata kama ile unayoipenda ndiyo inayokupa moyo.

OET au IELTS

OET imetungwa kwa ajili ya watu wa afya. Unasikiliza muuguzi akizungumza na mgonjwa, unasoma miongozo ya wodi, unaandika barua ya kumhamisha au kumruhusu mgonjwa, unazungumza na mtu anayeigiza mgonjwa au ndugu yake. IELTS Academic haina habari na kazi yako: unaweza kupewa grafu ya matumizi ya maji, insha kuhusu usafiri wa mijini na makala ya historia ya kioo. OET kwa kawaida ni ghali zaidi, na tarehe zake ni chache kuliko za IELTS.

Ushauri wetu ni huu. Kama miaka yako ya hivi karibuni umeishinda wodini na insha uliiacha shuleni, chagua OET, hasa kama barua ndizo zinazokutia hofu kidogo kuliko insha. Kama unasoma magazeti na makala za Kiingereza kwa mazoea na unaandika hoja vizuri, IELTS itakugharimu kidogo na utaipata karibu. Kibaya ni kurukaruka: kufanya IELTS, ukakosa, ukahamia OET bila kujua ulikosea wapi. Kosa la mpangilio wa barua ni ndugu wa kosa la mpangilio wa insha, na litakufuata.

Jaribio la kwanza, kabla hujasoma chochote

Tafuta jaribio kamili la sampuli kutoka kwa watungaji wenyewe wa mtihani; yapo ya bure kwenye tovuti zao. Lifanye kwa mkao mmoja, saa mbele yako, simu imezimwa, sauti ichezwe mara moja tu. Kisha sahihisha na uandike daftari la makosa. Usiandike "nimekosa swali la 14", andika sababu: sikujua neno, nilijua neno lakini sikulitambua kwenye matamshi, nilikosea tahajia, nilichelewa, nilijibu kwa ujuzi wangu badala ya kufuata maandishi. Baada ya majaribio mawili sababu mbili au tatu zitakuwa zinajirudia. Hizo ndizo mtaala wako.

Kwa anayeanzia karibu na kiwango, wiki 10 hadi 12 za saa moja na nusu kwa siku zinatosha. Anayeanzia mbali, mathalani IELTS 5.5, anahitaji muda mrefu zaidi wa kujenga lugha yenyewe, na kulipia tarehe ya karibu ni kutupa fedha. Mwenye zamu za usiku asijidanganye kwa ratiba ya saa tatu kwa siku. Dakika 30 za kusikiliza njiani na saa moja ya kuandika baada ya kupumzika zitamfikisha mbali zaidi.

Barua: mahali pa kuvuna au kupoteza

Sehemu ya kuandika ya OET ni dakika 45. Tano za mwanzo ni za kusoma tu, huruhusiwi kuandika; 40 zinazobaki ni za barua. Unapewa maelezo ya mgonjwa kwa mtindo wa faili la wodini na kuambiwa umwandikie mtu fulani. Mwongozo ni maneno 180 hadi 200 kwa kiini cha barua. Hakuna anayekukata alama kwa sababu ya neno la 205, lakini barua ya maneno 270 karibu kila mara imebeba vitu visivyomhusu msomaji, na hivyo ndivyo vinavyokatwa.

Wasahihishaji wanatazama mambo sita: lengo la barua, yaliyomo, ufupi na uwazi, mtindo unaofaa, mpangilio, na lugha. Lengo lina alama 3, mengine 7 kila moja. Sarufi, basi, imo katika moja tu ya sita. Mwenye sarufi nzuri anayenakili faili zima hupoteza kwenye yaliyomo, ufupi na mpangilio kwa mkupuo mmoja.

Zile dakika tano zitumie hivi. Anza kusoma mwisho wa karatasi, palipo na maagizo: unamwandikia nani, na kwa sababu gani? Jiulize huyo msomaji anajua nini tayari. Daktari wa familia anayemtibu mgonjwa kwa miaka 15 anajua historia yake ya presha. Muuguzi wa jamii atakayefika kesho asubuhi hajui. Halafu ndipo upande juu kusoma maelezo, na kila mstari uupe swali moja: je, msomaji huyu atafanya kazi yake vibaya asipolijua hili? Jibu likiwa hapana, mstari huo uache.

Tuseme maelezo yanasema: mama wa miaka 72, mjane, anaishi peke yake; kisukari aina ya pili; alitolewa kidole tumbo mwaka 1981; amelazwa siku 6 kwa kidonda cha mguu kilichoambukizwa; alipewa antibayotiki kwa mshipa, sasa anameza vidonge; sukari ilipanda siku tatu za kwanza, sasa imetulia; mkono unatetemeka, hawezi kujifunga kidonda mwenyewe; binti yake humtembelea Jumapili; anapenda kushona. Unamwandikia muuguzi wa jamii. Kidole tumbo kinaachwa. Kushona kunaachwa. Kuishi peke yake na mkono unaotetemeka vinakwenda pamoja katika sentensi moja, kwa sababu ndivyo vinavyoeleza kwa nini anahitaji kutembelewa kila siku. Wanaofeli huviandika katika aya mbili tofauti, kwa sababu kwenye faili vilikuwa kurasa mbili tofauti.

Aya ya kwanza iseme lengo mara moja. Sentensi kama hii inatosha: "I am writing to request daily wound care and blood glucose monitoring for Mrs X, a 72-year-old widow with type 2 diabetes, who is being discharged today following treatment for an infected foot ulcer." Msomaji ameshajua ni nani, ana nini, na anatakiwa kufanya nini. Usianze na "I am writing to inform you about the above-mentioned patient", kwa sababu haijasema kitu, na lengo lisiloonekana juu linakugharimu alama.

Baada ya hapo panga kwa mada, si kwa tarehe: hali ya sasa, yaliyofanyika hospitalini kwa ufupi, mambo ya nyumbani yanayoathiri huduma, kisha maombi yako kwa undani. Kama ni rufaa ya dharura, dalili za leo zitangulie historia yote. Acha mstari mtupu kati ya aya. Barua iliyoanza kwa jina la mtu hufungwa kwa "Yours sincerely", na iliyoanza kwa "Dear Sir/Madam" kwa "Yours faithfully".

Makosa ya lugha yanayowarudia wenye Kiswahili yanajulikana, na yanatibika. La kwanza ni "he" na "she". Yeye wetu ni mmoja, kwa hiyo Bi X anageuka mwanamume katikati ya aya, na msahihishaji anasimama. La pili ni maneno madogo "a", "an" na "the", ambayo kwetu hayana mwenzake. La tatu ni "s" ya "she takes". La nne ni nyakati: tukio lenye tarehe huandikwa "was admitted on 3 May", lakini hali inayoendelea tangu wakati fulani ni "has been stable since Monday". Vihusishi vya hospitali jifunze pamoja na neno lake, kama kitu kimoja: "admitted to hospital with pneumonia", "diagnosed with", "allergic to", "complained of", "discharged from". Na "discuss" haichukui "about".

Mtindo nao una mitego. Ufupisho wa faili kama "pt c/o SOB" (mgonjwa analalamika kukosa pumzi) ni lazima ufunguliwe uwe sentensi kamili. Usiandike "don't", andika "do not". Usimhukumu mgonjwa: badala ya kusema ni mkaidi, andika kwamba hajameza dawa kwa wiki mbili kwa sababu zinamletea kichefuchefu, kama faili linasema hivyo.

Kati ya dakika 40, tumia 5 kupanga, 28 kuandika, 7 kukagua. Ukaguzi nao uwe na mpangilio, maana jicho linalotafuta kila kosa kwa pamoja halioni lolote. Pita mara ya kwanza ukitazama majina, tarehe na dozi tu. Mara ya pili "he" na "she" na nyakati. Mara ya tatu "a" na "the". Kwa mazoezi, barua mbili kwa wiki zilizosahihishwa na mtu anayejua vigezo, kisha zikaandikwa upya, zina faida kuliko barua kumi zilizoandikwa na kuwekwa kando. Kule kuandika upya ndiko watu wanakoruka, na ndiko mkono unakojifunza.

Kuzungumza: mgonjwa aliye mbele yako

OET ya kuzungumza huchukua kama dakika 20. Kuna mazungumzo mafupi ya kuzoeana yasiyo na alama, halafu maigizo mawili ya dakika tano tano. Kabla ya kila igizo unapewa kadi na dakika tatu za kujiandaa. Anayeigiza mgonjwa hakupi alama yeye. Mazungumzo yanarekodiwa na kusahihishwa na wengine. Usimsome uso.

Alama ziko pande mbili. Upande wa lugha: kueleweka kwa matamshi, ufasaha, lugha inayofaa, na sarufi na msamiati. Upande wa mawasiliano ya kitabibu: kujenga uhusiano, kuuelewa mtazamo wa mgonjwa, kuyapa mazungumzo mpangilio, kukusanya taarifa, na kutoa taarifa. Wauguzi wengi hujiandaa kwa upande wa kwanza pekee na kusahau kwamba upande wa pili ni ustadi walio nao tayari, ila hawausemi kwa sauti. Wodini unaweza kumshika mgonjwa bega ukanyamaza, na akaelewa. Kwenye rekodi, bega halisikiki.

Kwa hiyo huruma iwe na maneno, na maneno yafuate alichosema mgonjwa. Hapa kuna mtego wetu: tumezoea pole kwa kila jambo, basi "sorry" inatoka kila baada ya sentensi mbili hadi inapoteza uzito. Ukiambiwa "I'm scared I'll lose my leg", jibu lenye alama ni kama "I can hear how frightening this is for you. What worries you most about it?" Umetaja hisia yake, na umemfungulia mlango aseme zaidi. Na usimwahidi kwamba kila kitu kitakuwa sawa, kwa sababu hujui.

Ukitoa maelezo, toa kidogo, simama, hakikisha, endelea. Sentensi mbili kisha swali. Anayemwaga maelekezo yote ya insulini kwa pumzi moja hupoteza alama hata kama kila neno ni sahihi. Mwishoni mpe mgonjwa nafasi ya kurudia kwa maneno yake: "Just so I know I have explained it clearly, could you tell me how you will take these tablets?" Lawama umejibebesha wewe, na yeye hajioni yuko darasani. Maneno ya kitabibu yashushe: "oedema" iwe "swelling", "void" iwe "pass urine", "ambulate" iwe "walk", "hypertension" iwe "high blood pressure".

Kwenye dakika tatu za kadi, tambua mambo matatu: uko wapi, mgonjwa anajua nini, na kazi zilizoorodheshwa zinaangukia katika mafungu gani. Mara nyingi ni moja la kuuliza, moja la kueleza, na moja la kumshawishi au kumtuliza. Tayarisha sentensi ya kufungua na maswali mawili yaliyo wazi. Kuandika hotuba nzima ni kosa, maana mgonjwa atakwenda kwingine na hotuba itabaki mkononi.

Matamshi: lafudhi yako si kosa, kinachopimwa ni kueleweka. Mambo matatu hutuangusha. Vokali zetu ni tano na za Kiingereza ni nyingi, hivyo "heart", "hurt" na "hat" zinaweza kutoka kinywani zikiwa sauti moja, na mgonjwa asijue kama unauliza kuhusu moyo au maumivu. Jirekodi ukisoma jozi kama "live" na "leave", "bed" na "bad", kisha sikiliza kesho yake, si papo hapo. Mkazo: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huupeleka huko huko katika Kiingereza, tukabana katikati ya "medicine" na "hospital" ilhali mkazo wa maneno yote mawili uko mwanzo kabisa. Na namba: "fifteen" ina mkazo mwishoni, "fifty" mwanzoni. Katika dozi, kosa hili halihusu mtihani peke yake.

Kusikiliza

Sehemu hii ya OET ina maswali 42 kwa takriban dakika 40, na sauti huchezwa mara moja. Sehemu A ni mazungumzo mawili ya mgonjwa na mtaalamu, unajaza nafasi 24. Sehemu B ni vipande sita vifupi vya kazini, swali moja kila kimoja. Sehemu C ni mahojiano au mihadhara miwili yenye maswali sita sita.

Katika A unapewa sekunde 30 za kutazama maelezo kabla ya sauti. Soma vichwa vidogo, kwa sababu ndivyo vinavyokuambia mzungumzaji amefika wapi. Andika maneno uliyoyasikia, usiyageuze. Nafasi ikikupita, iache. Anayeng'ang'ania moja hupoteza tatu zinazofuata. Katika C, chaguo lenye maneno yale yale ya mzungumzaji mara nyingi ndilo la kutegea, na jibu limesemwa kwa maneno mengine.

Zoezi linalofanya kazi ni imla. Chukua dakika mbili za sauti yenye maandishi yake, andika kila neno, kisha linganisha. Utagundua kwamba maneno mengi uliyoyakosa unayajua vizuri. Yalikuwa yameungana kwenye matamshi tu. Badilisha lafudhi: Waingereza, Waaustralia, Wamarekani. Wiki sita za imla mara nne kwa wiki hubadilisha sikio.

Kusoma

Sehemu A ya kusoma katika OET ni dakika 15, maandishi manne, maswali 20. Si ya kusoma, ni ya kutafuta. Tupia jicho vichwa vya maandishi A hadi D ujue kipi kina dozi, kipi kina dalili, kipi kina hatua, kisha nenda kwenye maswali. Jibu linakiliwe jinsi lilivyo. Neno liko mbele ya macho yako, kosa la tahajia halina udhuru. Dakika 15 zikiisha karatasi hiyo imekwenda, hurudi tena.

Dakika 45 zinazobaki zina B, maandishi mafupi sita, na C, makala mbili ndefu zenye maswali manane manane. Maliza B kwa dakika 10, ubaki na 17 kwa kila makala. Katika C mpinzani wako mkubwa ni ujuzi wako. Chaguo litasema jambo ambalo ni kweli katika uuguzi na ulifanyalo kila siku, lakini mwandishi hakulisema. Weka kidole kwenye mstari unaothibitisha jibu lako. Kama hakuna mstari, hilo si jibu.

Katika majaribio ya nyumbani lenga 33 au zaidi kati ya 42 kwa kusoma na kwa kusikiliza, mara tatu mfululizo, ndipo ulipie tarehe. Chumba cha mtihani hula alama mbili tatu za kila mtu.

Waliochagua IELTS

Hakikisha ni Academic. Nyingi ya kanuni tulizozitaja zinabaki, kwa tofauti chache. Alama 7.0 ya kusikiliza au kusoma ni takriban majibu 30 sahihi kati ya 40, na tahajia mbaya ni jibu kosa kote kote. Kusikiliza kwa karatasi kuna dakika 10 za kuhamisha majibu. Kusoma hakuna hata moja.

Kuandika ni saa moja: kazi ya kwanza maneno 150 au zaidi, ya pili 250 au zaidi, na ya pili ina uzito mara mbili. Ipe dakika 40 bila huruma. Kwenye grafu, andika aya ya picha ya jumla, yaani nini kimepanda, nini kimeshuka, kipi kikubwa, na usieleze sababu ambazo grafu haikuonyesha. Wauguzi hupenda kueleza sababu, hapa hazitakiwi. Kwenye insha, chukua msimamo katika aya ya kwanza na ubaki nao. Mazungumzo ni dakika 11 hadi 14. Katikati yake utapewa kadi, dakika moja ya kujiandaa, na utazungumza peke yako hadi dakika mbili. Fanya zoezi hilo kila siku na saa mkononi, kwa sababu dakika mbili ni ndefu kuliko inavyodhaniwa.

Kujiandikisha na siku yenyewe

Jina la kujiandikisha lifanane na pasipoti herufi kwa herufi, na pasipoti hiyo hiyo ndiyo utakayokwenda nayo. Kama umebadilisha jina baada ya ndoa, maliza mambo ya pasipoti kwanza. Chagua kompyuta ikiwa unachapa bila kutafuta herufi. Kama mkono wako ni mwepesi zaidi kwa kalamu, na karatasi bado inatolewa, chagua karatasi. Usifanye mtihani ukitoka zamu ya usiku. Omba siku mbili za mapumziko mapema, hata kwa kubadilishana zamu.

Anayekuuzia matokeo bila mtihani, mkimbie. Mabaraza huhakiki alama moja kwa moja na waliotoa mtihani, na udanganyifu unaweza kukufungia usajili.

Matokeo yakija pungufu

Ukikosa kwa kidogo katika sehemu moja, tazama mambo mawili kabla ya kulipia upya: kama baraza lako linaunganisha matokeo ya mara mbili, na kama kuomba kusahihishwa upya kuna maana. Kwa IELTS ombi hilo hupelekwa ndani ya wiki sita. Lina maana zaidi kwa kuandika na kuzungumza, hasa sehemu moja inapokuwa chini sana ya nyingine tatu. IELTS ya kompyuta pia ina utaratibu wa kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60, lakini si kila baraza linaupokea, kwa hiyo uliza kwanza.

Ukirudia, usirudie ndani ya wiki mbili ukiwa na maandalizi yale yale. Rudi kwenye daftari la makosa, andika barua nne mpya, zisahihishwe, uziandike upya, kisha upange tarehe. Ukifaulu, ingia kwenye akaunti yako na uruhusu baraza kuona matokeo, na uwasilishe maombi mapema: kwa NMC matokeo hayatakiwi kuwa yamepita miaka miwili siku wanapoyapokea, na vyeti vya chuo na uthibitisho wa usajili wa nyumbani huchukua muda kukusanywa.